Bendeji na Busaa ya Simiyu

Jumatatu, 27 Julai. Kitale
Bendeji tena. Sponji kwanza, kisha bendeji, kutoka vidoleni hadi kwapani. Naifunga kwa mkono mmoja na meno. Mwaka wa tatu tangu nitolewe titi kwa saratani, na mkono wa kushoto bado umejaa maji. Mzito kama debe. Cherehani naiendesha nusu siku tu.

Lakini nimepita uchunguzi wa kufanyiwa upasuaji. Daktari mgeni alinidunga rangi ya kijani, akamulika kwa kamera. Kwenye kioo nikaona mishipa ya maji ikikatikia njiani. Ataiunganisha na mishipa ya damu chini ya darubini, Jumatano, 12 Agosti. Uzi wake ni mwembamba kuliko unywele. Mimi ni fundi wa nguo, na uzi huo umenitia wivu.

Sharti ni moja. Ngozi isiwe na jeraha. Jeraha dogo huleta homa, na mwenye homa hafanyiwi upasuaji.

Jumamosi, 1 Agosti
Mama mkwe amepiga simu kutoka Kabuchai. Mwanangu Simiyu anatahiriwa Jumamosi ijayo. Unga wa busaa, pombe ya sherehe, umeshachachuka, unangoja kukaangwa kwenye bati. Hiyo ni kazi ya wanawake, na mama wa kijana hakosi hapo. Baba yake ni marehemu. Nikikosa mimi, mtoto hana mzazi pale.

Sista Nekesa, anayetufunza hospitalini kufunga bendeji, amenionya: nisikaribie moto, nisivue bendeji. Niliitikia vizuri sana.

Jumatano, 5 Agosti. Kabuchai
Nimefanya upumbavu.

Nilikaa kando na chai yangu, wenzangu wakikaanga. Wifi yangu akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Si huo mkono ulirogwa, bana? Wacha akae huko. Asitutilie mkosi kwa pombe ya mtoto."

Hakuna aliyemkanya. Mama mkwe aliangalia bati.

Nikasimama. Bendeji ilikuwa imelowa jasho, nikaivua, nikaitia mfukoni. Nikachukua mwiko, nikakaanga mpaka unga ukaisha. Nilijiona malkia.

Ukingo wa bati ulinigusa chini ya kiwiko. Alama ndogo, kama punje ya mahindi. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 6 Agosti
Lengelenge. Limepasuka.

Jumamosi, 8 Agosti
Simiyu alisimama wima, hakupepesa jicho. Vigelegele. Mimi nilikuwa natetemeka. Watu walidhani ni furaha ya mama. Furaha ilikuwepo, kweli. Lakini ile ilikuwa homa.

Jumatatu, 10 Agosti. Kitale
Mkono mwekundu hadi begani. Unawaka.

Mpango: nimeze dawa za kushusha joto, niweke bendeji safi juu ya kidonda, Jumatano nilale mezani nikitabasamu. Nimeupanga uongo huu siku nzima nikikata kitambaa, na kitambaa chenyewe nimekiharibu. Nimeingoja nafasi hii miaka mitatu. Naogopa kuikosa. Naogopa kufa pia.

Simiyu amebakiza mzazi mmoja.

Jumanne, 11 Agosti
Nilienda mwenyewe. Nilifungua bendeji mbele ya Sista Nekesa. Hakunifokea. Heri angenifokea.

"Ungenificha, tungekupoteza," alisema.

Nimelazwa. Dawa inaingia kwa mshipa wa mkono wa kulia. Nafasi yangu ya kesho amepewa mama mmoja wa Naitiri. Nimelia kwa hasira. Namchukia wifi. Najichukia zaidi, maana bendeji niliivua kwa mkono wangu.

Jumapili, 23 Agosti
Niko nyumbani tangu Jumanne. Wekundu umeisha, kidonda kimekauka. Mama wa Naitiri anaendelea vizuri. Nilidhani nitamwonea kijicho. Kidogo tu.

Mama mkwe amekuja na kuku, na nguo zake za wiki nzima. Hakuomba msamaha. Alikaa, akauweka mkono wangu kwenye paja lake.

"Mama Simiyu, nionyeshe vile wanafunga."

Mara ya kwanza alikaza kama anafunga mzigo wa kuni. Tukafungua, tukaanza tena kutoka vidoleni. Mara ya pili ikakaa sawa.

Daktari mgeni akirudi, mimi ni wa kwanza kwenye orodha. Siku haijulikani. Mama mkwe ameuliza kesho tufunge saa ngapi. Nimemwambia saa moja asubuhi, kabla ya chai.