Shati la Kwaya na Pasi

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa, mayai nimeyafunika. Kitinda mimba asitoke bila sweta, kifua bado kinambana.

Shati lako la kwaya usilitafute. Nimeliunguza mgongoni. Unajua mimi husali nikipiga pasi, maana hapo tu ndipo hamniiti. Leo nimefumba macho, nikasahau kama nimeshika pasi. Harufu ndiyo iliyosema amina.

~~Nisamehe, nitakununulia lingine.~~ Jumapili vaa koti juu, hakuna atakayeona.

Nimechoka kumpa Mungu makombo ya siku. Kuanzia kesho, saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa kumi na mbili, niko stoo na mlango nimeufunga. Soksi zilizopotea zitafuteni wenyewe. Na kila mtu atajipigia pasi, ukianza wewe mwalimu wa kwaya.

Nawahi zamu, wagonjwa wananisubiri.

Jioni usininunie. Nilianza na watoto, nikamwombea mama yako, na shati lilipoungua nilikuwa nimefika kwako. Ungekuwa na mambo machache, lingepona.

Mama watoto