Alama Yako Kwenye Mzinga

Shikamoo, baba.

Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini sijawahi kukusemesha bila kukuamkia, na uzeeni si pa kuanzia utovu wa adabu. Leo naogopa. Chai imepoa mezani tangu asubuhi na sijaigusa.

Unaukumbuka ule mzinga wa nyuki ulioanguka? Ilikuwa miaka ya ujamaa, kijijini kwetu upande wa Sikonge, mizinga yote ikiwa mali ya kijiji. Ulikataa jambo moja tu: mzinga kwenda porini bila alama ya aliyeufunga mtini. Wenzako wakakutania kwamba ubepari haujakutoka. "Asali ni yetu sote," ukawajibu, "ila kamba ikikatika, tujue wa kumuuliza." Alama yako ilikuwa mikwaruzo mitatu na tundu.

Kisha mzinga mmoja ukamwangukia Mzee Maganga, ukamvunja bega, wakampeleka hospitali ya Kitete kwa trekta. Mkutanoni mwenyekiti akauliza, "Mzinga huu kaufunga nani?" Mzinga ulikuwa umepasuka vipande, na penye alama pamesagika kabisa. Ungeweza kunyamaza. Nilikuwa mdogo, nimesimama nyuma yako, nikaona mikono yako inatetemeka.

"Baba, unaogopa?"

"Sana. Shika koti langu."

Ukasogea mbele, nami nikiburutwa na koti. "Nimeufunga mimi, ndugu zangu. Nilitumia kamba ya mwaka jana, nikajidanganya bado ina nguvu. Na kuna mingine minne nimeifunga kwa kamba hizohizo." Walikusema, baba, walikusema hasa, na Mzee Maganga akakununia msimu mzima. Lakini siku ileile mizinga minne ilishushwa, na kamba mbili zilikuwa zimebakiza nyuzi tu.

Sasa mimi, mwalimu wa hesabu mstaafu, nimejitia kwenye kazi za vijana. Kuna programu ya kompyuta ambayo yeyote anaruhusiwa kusoma ilivyoandikwa, kuitumia bure na kuirekebisha. Zahanati huitumia kupima dawa za watoto kulingana na uzito. Nilichangia mistari kumi na tisa. Wenzangu wa nchi za mbali wakaikagua, wakaipokea, jina langu likaandikwa pembeni mwa mistari hiyo. Nilitamba mtaa mzima, ungenicheka.

Jana nimegundua kosa. Muuguzi akisahau kujaza uzito, mistari yangu inachukua uzito wa mtoto aliyetangulia. Hakuna aliyeliona. Naweza kulifuta kimyakimya, heshima yangu ikabaki. Lakini zahanati ambazo tayari zinaitumia hazitajua kwamba ziache leo. Nawaza mtoto wa kilo saba akipewa dawa ya mtoto wa kilo ishirini.

Nimeshaandika: "Kosa ni langu. Acheni kutumia toleo hili sasa hivi." Kilichobaki ni kutuma. Aibu nitaivumilia. Kinachoniogopesha zaidi ni kwamba huenda kuna mtoto ambaye nimeshamchelewea.

Kidole changu kiko juu ya kitufe, naogopa kama wewe siku ile. Natafuta koti la kushika, silioni.

Natuma hivyohivyo, baba. Pumzika.

Binti yako