Namba Ambazo Mzee Mhina Hakutuma

Mama Fausta, shikamoo. Ukurasa wako nausoma kila Jumapili nikisubiri nguo zikauke, sikuwahi kufikiria na mimi nitakuandikia, lakini nimechoka mama, na jina langu naomba ulifiche.

Nina miaka thelathini na nne, nakaa Korogwe, nina mtoto mmoja wa darasa la tatu, na kazi yangu ni kufuatilia maendeleo ya mradi wa maji unaojenga matenki kwenye vijiji vya Handeni. Kila Ijumaa nakusanya kutoka saiti nane wamefikia asilimia ngapi, naandika ripoti, naipeleka kwa bosi wangu, nitamwita Injinia Gerald, naye anaipeleka kwa wafadhili. Miaka minne nimefanya hivyo kwa simu, na kupiga simu huku si kama watu wanavyodhani, maana msimamizi wa saiti ni mtu mzima, huwezi kumpigia ukasema nipe asilimia, lazima umwamkie, akuulize mtoto, umuulize mahindi, akueleze mvua, ndipo mfike kwenye zege, na ukizidisha mara nane Ijumaa imekwisha, na hiyo ripoti yenyewe nilikuja kugundua hakuna anayesoma zaidi ya ukurasa wa kwanza.

Basi mwaka huu nikajifunza kwa video za kwenye simu, nikatengeneza programu. Wasimamizi wanatuma namba kwa meseji kabla ya saa sita mchana, programu inazichukua, inajaza jedwali, inaandika na maneno kwamba kazi inaendelea kulingana na mpango, inaweka jina la msimamizi chini, na saa tisa ripoti imeshafika kwa Injinia bila mimi kugusa kitu. Nilisifiwa mama, nikaambiwa mkataba wangu ukiisha Desemba nitapewa mwingine mrefu. Ila Injinia hapendi kuona nafasi tupu kwenye ripoti, kwa hiyo nikaiwekea kwamba msimamizi asipotuma namba, ichukue ile iliyopangwa kwenye mpango kazi wa wiki hiyo, nikasema kama amechelewa kidogo wiki ijayo itajirekebisha.

Saiti ya Mazingara inasimamiwa na mzee mmoja, nitamwita Mzee Mhina maana kina Mhina huku ni wengi. Kazi ikienda vizuri anatuma namba tangu Alhamisi. Ikiharibika anakaa kimya. Habari mbaya haandiki kwenye meseji, anaona ni kukosa adabu, anasubiri umpigie msalimiane, halafu ndiyo aseme, "Sasa mwanangu, huku kuna kajambo kadogo," na hako kajambo ndiyo balaa lenyewe. Nalijua hilo miaka minne yote. Mwezi uliopita alikaa kimya Ijumaa tatu. Ya kwanza sikuona. Ya pili niliona, nikasema ni mtandao. Ya tatu nilikuwa nimelala mchana, mara ya kwanza kulala mchana siku ya Ijumaa tangu niajiriwe.

Kumbe walipochimba msingi wa tenki walikuta maji, wakasimama. Ripoti zangu zikasema msingi asilimia mia. Kreni ikatoka Tanga na vyuma vya tenki, ikafika Mazingara ikakuta shimo limejaa maji. Injinia akachapisha ripoti zote tatu, chini jina la mzee, akampa hadi mwisho wa mwezi huu aandike barua ya kujieleza kwa nini asifukuzwe kwa kudanganya.

Mzee hajui kwamba programu inajaza yenyewe. Jumanne alinipigia akasema, "Mwanangu, haya macho yangu, huenda nilibonyeza vibaya kwenye simu. Wewe unajua kuandika, niandikie barua ya kuomba radhi." Nikamwambia sawa mzee. Niliyemwambia ukweli ni mmoja tu, Semboja tunayekaa naye ofisini, anasema niiandike vizuri, mzee umri wake umekwenda, akifukuzwa ana shamba la kurudia, mimi nikifukuzwa nitarudi wapi. Nimeshaandika nusu ukurasa na siwezi kuendelea wala kuacha. Mama, niimalizie?

Aliyechoka, Korogwe

*

Marahaba, binti yangu. Jina lako nimelifuta, na mambo mengine mawili matatu ambayo yangekutaja. Barua nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa huruma.

Kuchoka si kosa. Mimi kabla ya ukurasa huu nilikuwa karani wa shamba la mkonge, miaka tisa naandika matita yaliyokatwa leo, naandika tena kesho, hakuna aliyeyasoma. Angetokea mtu na mashine ya kunifanyia ile kazi ningempikia pilau. Kwa hiyo na programu yako sina ugomvi, na usingizi wako wa Ijumaa ulikuwa halali yako.

Lakini usinichanganyie mambo. Programu haikumdanganya mtu. Wewe ndiye uliyeiambia kwamba mzee akinyamaza, iseme amemaliza, halafu iweke jina lake. Na ulijua fika kimya chake maana yake nini, umenieleza mwenyewe vizuri kuliko ningeweza kukueleza mimi. Huyo Semboja mwambie hilo shamba akalilime yeye.

Unauliza uimalizie. Hapana, ichane leo. Mzee umeshamsemea mara tatu bila yeye kujua, sasa unataka kumsemea ya nne, na safari hii aweke sahihi.

Andika barua yako mwenyewe, ukurasa mmoja. Taja zile Ijumaa tatu kwa tarehe. Sema namba hazikutumwa, zilijazwa, na aliyeweka utaratibu wa kujaza ni wewe. Ambatisha orodha ya meseji zilizoingia, kila mtu aone za Mazingara hazimo. Mpelekee Injinia Gerald mkononi, na kwa heshima umkumbushe ni nani aliyekuwa hapendi nafasi tupu. Programu ibaki, ila mahali pasipo namba paandikwe "haijapokelewa", na simu yako ndiyo ilie, upige umwamkie mtu. Saiti saba zikijibu zenyewe, muda wa kumpigia wa nane unao.

Utafukuzwa? Huenda. Sitakudanganya kwamba mkweli hulipwa, nimeona mengi Korogwe hapa. Ila ukinyamaza utaukuta mkataba mpya Desemba, na kila Ijumaa saa tisa ripoti ikitoka utalitafuta jina lake mahali ambapo halipo tena. Hapo ndipo utajua uchovu.

Kabla ya Injinia, nenda Mazingara. Usipige simu, nenda. Mwamkie. Atakuuliza mtoto, mjibu, muulize mahindi, usikimbilie. Halafu mwambie hakubonyeza kitu, macho yake mazima, kosa ni lako. Atanyamaza, unamjua. Usimjazie. Kaa hapo hapo mpaka aseme mwenyewe.