Anna Akae na Mwanawe Jumatatu

Mtoni, Temeke
Ijumaa, 14 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Margareta,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepungua maumivu ingawa baridi ya huko Masasi imeanza. Mjomba Romani ameshaanza kuvuna mbaazi? Sisi huku tu wazima, ila usingizi umetuhama. Nimeandika kwa sababu masikio yako hayapatani na simu, na jambo hili sitaki kulipigia kelele. Petro, ninayempa barua hii akuletee, atakusomea akifika kesho.

Mtoto wa dada Anna bado yuko wodi ya njiti, ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Amepewa jina la marehemu babu, Alfonsi. Uzito ulikuwa umeanza kupanda, lakini wiki iliyopita alipata maambukizi kwenye damu, na sasa dawa anapewa kwa mshipa. Mishipa yenyewe kama uzi. Kanula, ule mrija mwembamba wa kupitishia dawa, haikai, inaziba, na wanatafuta mshipa mwingine mkononi, mguuni, hata kichwani.

Neno ulilompa Anna ulipokuja Pasaka, kwamba mama asishuhudie mwanawe akitobolewa maziwa yasije yakakauka, tumelifuata. Wakati mwingine wote Anna humbeba kifuani, ila akiona nesi anakuja na trei ya sindano, anatukabidhi mtoto na kutoka. Tunabaki mimi au shemeji Sebastian.

Mtoto hakuwa akilia, nasi tukafurahi. Shemeji alitamba mbele ya wodi nzima: "Huyu mpingo mtupu. Hata patasi haimtishi." Unamjua, mchonga vinyago wa Mwenge hana mfano mwingine.

Jumanne Nesi Hope alimjibu bila kuinua macho. "Baba Alfonsi, siku patasi ikikukata ukakosa hata nguvu ya kupiga yowe, tuseme hujaumia?"

Nesi akatwambia tuangalie. Sindano ilipoingia, uso ulikunjamana, macho yakabana, vidole vikatawanyika kana kwamba vinatafuta pa kushika. Pumzi ikashuka, mashine ikaanza kulia kwa niaba yake. Shangazi, mtoto hakuwa jasiri. Alikuwa amechoka mno hata asiweze kulia, na sisi tulikuwa tukimpongeza.

Niliuliza kama hakuna dawa ya kumpunguzia. Nesi alisema kwa sindano kama hizi, dawa ya kwanza ni mama: mtoto awe kifuani pake, ngozi kwa ngozi, adondoshewe maziwa kidogo mdomoni kabla ya kuchomwa. Maumivu hayaishi, lakini hupungua.

Jana nilijaribu mimi, kwa maziwa aliyokamua Anna. Alitulia kidogo, kisha akawa anageuza kichwa, anatafuta. Anna alikuwa nyuma ya mlango, amejiziba masikio kwa khanga. Nilipomwomba aingie alinijibu, "Shangazi alishasema. Yakikauka, utamnyonyesha wewe?"

Najua hukulisema neno lile kwa ukali. Mama alinisimulia habari za mtoto wako wa kwanza, ulivyomshika akichomwa sindano, ukalia, na maziwa yasirudi. Siwezi kukwambia kwamba ulichokiona hukukiona. Nesi anasema hofu huweza kweli kuyazuia maziwa kwa muda, na kumpakata mtoto huyasaidia kushuka. Ila mimi nakwambia nililoliona kwa macho yangu: Anna analia nje ya mlango, na maziwa yameanza kupungua hukohuko nje.

Jumatatu asubuhi watabadilisha kanula na kuchukua damu, waone kama dawa inafanya kazi. Daktari hakutuficha. Kila pumzi inaposhuka, mtoto anapoteza nguvu ambazo angezitumia kupigana na ugonjwa, na nguvu zenyewe ni chache.

Tumeshamsihi Anna sote, hataki kutusikia. Neno lililomtoa mle ndani ni lako, Shangazi, na la kumrudisha halina mwenyewe mwingine.

Petro akimaliza kusoma atawasha simu yake arekodi sauti yako, anitumie. Huna haja ya kusikiliza chochote, sema tu, hata kama ni maneno mawili. Nitamwekea Anna ayasikie kabla trei haijafika kitandani.

Nisalimie Mjomba Romani, na Marselino na mkewe. Shemeji anakuamkia, siku hizi hatambi. Mungu akupe afya, na akuachie umri wa kumpakata Alfonsi mwenyewe.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Jenipher