Tosha ya Baba, Tosha ya Mjomba

Alhamisi, Bukoto. Mvua inanyesha tangu alfajiri na sijafungua hata dirisha.

Shajara yangu, leo sina mapambo. Juzi watu walipigwa risasi ziwani, na aliyepaza sauti kabla ya risasi ni mume wangu.

Ngoja nianze vizuri, maana kichwa kimevurugika. Mume wangu, Okello, ni askari wa doria ya majini upande huu. Mdogo wangu Bahati anabeba samaki kwa boti upande ule, Kongo, nilikozaliwa mimi. Ziwa ni moja, la mpakani huko magharibi. Mimi niko hapa Kampala, nauza makayabo, yaani samaki wa chumvi, sokoni Bukoto, na samaki wenyewe ni wa Bahati. Nyumba yetu imekula kutoka pande zote mbili za maji miaka yote hii, na hakuna aliyeona ajabu.

Watu wanauliza vita vinatoka wapi. Mimi nimeviona vikija, nikiwa nimeketi nyuma ya meza yangu ya samaki. Kwanza huku walisema samaki wa kule ni wadogo mno, wakachoma nyavu. Kule wakakasirika, wakazuia masufuria na majiko ya mafundi wa Katwe, hapa mjini, yasishuke bandarini kwao. Huku wakapandisha ushuru wa mbao. Kule wakakamata boti, na huku wakakamata za kwao pia, wasije wakaonekana wanyonge. Halafu kila upande ukaleta boti zenye bunduki, eti kulinda wafanyabiashara wake. Sisi wafanyabiashara hatukuulizwa. Mwishowe kule wakaanza kupandisha wanajeshi ndani ya boti za samaki. Bahati aliponiambia, nilimsihi aache hiyo kazi. Akaniuliza atakula nini.

Sasa, neno lenyewe alilolipaza.

Tulipokuwa tumeoana karibuni, Okello aliketi mezani, mimi nampakulia. Akainua mkono, akasema, "Tosha, tosha." Nikaiondoa sahani. Akabaki ananikodolea macho na vidole vimeshaoshwa. Kiswahili chake ni cha jeshini, na huko tosha maana yake basi, acha. Kwetu kutosha ni kutoa. Ukimwambia mtoto wa kwetu tosha viatu, anavivua. Aliniambia tosha, nami nikatosha! Tulicheka mpaka Nalongo, mama wa mapacha wa mlango wa pili, akagonga ukuta. Tangu hapo likawa neno letu la utani. Akisema tosha, nakimbia na sahani jikoni, naye ananifuata, na binti yetu Neema anatufuata sote akipiga kelele.

Doria ilipotafuta mtu wa kushika kipaza sauti, walimchagua yeye. Walisema mke wake ni Mkongo, anaijua lugha yao. Alinipigia simu akijisifu. Nami nilijisifu, soko zima likanisikia.

Jana redio ya huku ilisema hivi: doria iliamuru boti isiendelee kusogea, waliokuwa ndani wakachomoa bunduki, doria ikajilinda. Baadaye jamaa mmoja akanitumia tangazo la redio ya kule: watu wetu waliamriwa watoe silaha, na walipozitoa wakapigwa risasi. Huku wanawaita wa kule waongo. Kule wanawaita wa huku wauaji. Mimi nilikuwa nimeshika kisu, nakata mkia wa samaki, nikakiweka chini pale pale.

Hakuna aliyedanganya; wote walisikia tosha.

Nikapiga simu ya Okello, haipatikani. Ya Bahati, haipatikani. Nikapiga kipindi kimoja cha redio kinachopokea simu za wasikilizaji, nikaeleza habari za tosha mbili, moja ya huku na moja ya kule. Mtangazaji akacheka, akasema mama wa Bukoto ametuletea kichekesho, akaweka muziki. Waliopiga baada yangu walitaka jeshi livuke ziwa leo leo. Wengine sauti zao ni za kitoto kabisa.

Nalongo alinikuta nimekaa sakafuni. "Bannange, jamani, usilie," aliniambia. "Hiyo ni maneno ya samaki tu. Selikali itamaliza." Nalongo ni mtu mwema na nampenda. Lakini leo asubuhi, nilipokwenda sokoni kidogo, jirani yangu wa meza alivuta mabeseni yake akayasogeza mbali na yangu. Nilifunika samaki wangu, nikarudi nyumbani.

Okello alipiga mchana.

"Mama Neema, mimi iko mzima."

Sikumshukuru hata Mungu. Nilimuuliza alisema neno gani.

"Walikuwa wanakuja karibu sana. Mimi nilitaka waache. Ile neno ilitoka tu kwa mdomo. Mimi nilisahau, Mama Neema. Nilisahau kabisa."

Kisha akalia. Sijawahi kumsikia akilia, hata alipomzika mama yake. Nilitaka kumtukana, na nilitaka nimshike kichwa nikiweke mapajani. Nilimwambia awaeleze wakubwa wake. Akasema ameshawaeleza, wakamwambia afunge mdomo, tamko limeshasomwa redioni. Kesho boti zote zinaingia majini, na kipaza sauti bado ni chake.

Haikupita saa, ikaingia sauti ya Bahati kwenye simu. Nilishukuru kwamba yu hai kabla sijasikia anachosema.

"Yaya, balituambia tosha, tukatosha. Njo banatupiga. Mwenye alikuwa pembeni yangu amekufa. Kesho tunarudi ku mayi, na mimi sasa niko na bunduki. Ambia bwana yako asikuye."

Yaya ni mimi, dada yake mkubwa, na asikuye kwetu ni asije. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni tulipokimbia vita utotoni. Nilimrekodia ujumbe, nikalia ndani yake, nikamweleza kila kitu, sahani, utani, woga, kwamba shemeji yake hakutaka kuua mtu. Alisikiliza. Akanijibu kwa maneno machache.

"Yaya, ni mutu gani anasahau luga ya bibi yake?"

Nimeisikiliza tena na tena. Bibi huyo ni mimi, mkewe. Nadhani woga ulimrudisha jeshini, kwenye Kiswahili alichofundishwa akiwa kijana, kabla hajanijua. Lakini hilo si jambo la kumwambia mtu aliyemwona mwenzake akifa. Na ndani yangu, niseme ukweli, nami namuuliza Okello swali hilo hilo. Nina hasira naye, na nikimfikiria kesho juu ya boti, naichukua simu nampigia tena.

Jioni nilimpikia Neema posho, yaani ugali, na makayabo yaliyobaki. Hajui lolote. Nilikuwa namwongezea mchuzi, akainua kamkono kake, akasema, "Mama, tosha."

Nikaganda na upawa mkononi. Yeye alikuwa ameshaanza kutabasamu, anangoja nikimbie na sahani.

"Ya baba au ya mjomba?" nilimuuliza.

Hakuelewa. Aliona tu uso wangu, tabasamu likaondoka, akaishika sahani yake kwa mikono miwili. Nikaenda jikoni kulia asinione, na ndiko ninakoandikia haya, simu mbili zikiwa hazipatikani tena.

Kesho wote wawili wanaingia majini. Kusali nako kumenishinda, neno ninalopata ni lile lile. Mungu wangu, tosha. Ya baba yake, basi, yaishe. Na ya mjomba wake pia, zitoe hizo bunduki mikononi mwao.