Matundu Marefu

Kaka,

Hatujambo. Mwanangu ameanza kuota meno, hatulali. Salamu zimetosha, sasa nisikilize.

Ulipotaka mtutu mpya wa bunduki yako ya mashindano, nilikuuliza mara mbili utapiga risasi zipi. Ukasema, "Fupi, nyepesi, kama za Baba." Nikachonga ndani michirizi ya kuzungusha risasi polepole, maana fupi hazihitaji zaidi. Siku ya mashindano ukapakia ndefu, nzito, tena za kuazima! Hizo zisipozungushwa kwa kasi huyumba hewani na kuingia kiubavu. Halafu ukawatangazia watu, "Mdogo wangu kazi imemshinda."

Haya, umeniweza. Jana Baba alininyang'anya funguo za karakana. Miaka kumi na moja nimefanya kazi humo, na hakuniuliza hata neno moja.

Sitaki uniombe radhi. Humu nimekuwekea karatasi yako ya shabaha, niliiokota uwanjani. Matundu yote ni marefu kama ya vifungo vya shati. Ningempelekea Baba mimi mwenyewe, ila nataka aipokee mkononi mwako. Usimweleze kitu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuyasoma.

Mdogo wako, ambaye bado ni fundi.