Mwalimu wa Kilimo Niliyempata kwa Gichiaro

Kwako Bwana Mshauri,

Nakuomba radhi kabla sijakuomba msaada, kwa maana najua nafasi ya gazeti ni finyu, na mzee aliyefiwa na mke huwa na maneno mengi kuliko masikio ya kuyasikia. Mimi ni mwalimu. Nilisomeshwa na misheni ya Waskoti huko kwetu Mwimbi, upande wa Meru, nikaoa Embu, na tangu Peninah wangu alipolala usingizi wa haki nimeendelea kukaa hapa karibu na Runyenjes, ambako nafundisha kilimo, nami natakiwa kupumzika mwisho wa mwaka huu kwa sababu magoti yangu yamekataa kabisa kupanda matuta. Nakuandikia nikiwa na furaha ambayo mtu wa umri wangu huona haya kuionyesha, na ndani ya furaha hiyo mna mwiba, na mwiba huo ndio unaonileta kwako.

Wewe uliye mjini huenda hujui jinsi somo langu lilivyoharibiwa jina. Katika shule zetu mtoto akichelewa hupewa jembe, akipiga kelele jembe, akisema lugha ya mama yake darasani jembe, na tangu Hali ya Hatari ilipotangazwa mama huyohuyo hupulizwa filimbi asubuhi akalime matuta ya lazima huku homgadi amesimama juu yake na bunduki, hata imekuwa kwamba neno kilimo likitajwa watoto hutazama mlangoni. Vijana wanaotoka chuo cha ualimu wanataka kufundisha hesabu, wanataka Kiingereza, wanataka hata kuimbisha, lakini kilimo hawakitaki, na siwezi kuwalaumu. Hata hivyo, Bwana Mshauri, watu wetu sasa wameruhusiwa kupanda kahawa, na mimi nina kitalu shuleni chenye miche iliyonyooka kama wanafunzi siku ya ukaguzi, na ninapoitazama asubuhi moyo wangu huruka kama ndama aliyefunguliwa kamba. Nasikitika kutumia mfano wa ndama katika barua rasmi.

Sasa mkaguzi wa shule ametuarifu kwamba asipopatikana mwalimu wa kushika nafasi yangu, nafasi yenyewe itafutwa, na shamba letu litakatwa viwanja vya nyumba za kijiji kipya. Nilikwenda kwa Bwana Nthiga, mwenyekiti wa chama chetu cha walimu, nikamsihi chama kisimame upande wetu. Tumesoma pamoja, kwa hiyo hanihurumii. Akaniambia, "Naftaly, kila mkutano wewe hutuletea habari za mbolea. Safari hii tuletee mtu. Kijana mmoja anayeipenda kazi hii, umketishe mbele yetu Embu, nasi tutaipigania mpaka kwa Mkurugenzi wa Elimu. Lakini chama hakiwezi kupigania kiti kitupu." Mkutano huo ni mwisho wa mwezi ujao, na ni mara ya kwanza walimu wa kilimo kuwekwa katika ajenda, kwa hiyo utaona kwa nini nilitoka kwake nikitembea kama mtu wa miaka thelathini.

Aliyenionyesha mtu ni Barre, Msomali mwenye lori la kubeba miraa kutoka Maua, ambaye husimama hapa kutia maji katika rejeta. Alisema, "Mzee, huko Maua kuna mwalimu kijana, Kiambi. Jumamosi wanafunzi wanamfuata shambani kama vifaranga, na hakuna aliyewaita. Mimi nilifikiri anawapa sukari." Nikaomba pasi ya kusafiri kwa Bwana Disii, mkuu wa wilaya, nikaipata baada ya kueleza mara nyingi kwamba namfuata mwalimu wa kupanda kabichi, wala sina nia mbaya, na Mwalimu Alice, anayefundisha madarasa ya chini, akanishikia kitalu kama afanyavyo kila ninapougua, yeye na wasichana wake, wala hapana mche uliokauka, jambo ambalo namshukuru. Barre akanipakia mbele alipokuwa akirudi na lori tupu. Nilipomwomba aendeshe polepole alinijibu, "Mzee, mimi nimezoea miraa. Miraa ikichelewa inakufa. Mwalimu akichelewa anaomba radhi tu."

Nilimwona Kiambi akifundisha. Naomba uniamini. Aliwapa watoto mbegu na udongo wa aina mbili, akawaachia wabishane, na walibishana kama wazee wa baraza, na mtoto mmoja alinusa udongo akasema huu una njaa, nami nikalazimika kugeuka kando nikapangusa miwani. Baada ya somo nikamweleza haja yangu. Akacheka kwa adabu. "Mwalimu, mama yangu aliuza ng'ombe wake nikasome niachane na jembe. Nimepata kazi ya ukarani barazani, naanza mwakani. Nimwambieje, kwamba nimerudi kulima, tena Embu?" Nikakubali, kwa kuwa jibu lilikuwa la haki, nikakaribishwa nyumbani kwao nile nduma kabla ya safari.

Huko ndiko mwiba uliponiingia. Nyanya yake, mama mkongwe aitwaye Kaari, aliniuliza ukoo wangu kama mgeni anavyoulizwa, nikautaja. Aliweka kibuyu chini. Kumbe ukoo wetu na ukoo wao ni gichiaro. Kwa wasomaji wasiotoka kwetu nieleze kwamba huo ni undugu uliofungwa na wahenga kati ya koo mbili, na mtu wa gichiaro akikuomba kitu humkatalii, kwa maana anayekataa huogopewa kupatwa na laana. Kiambi alisimama papo hapo, akavua kofia. Nami, Bwana Mshauri, badala ya kumega nduma yangu na kunyamaza, nikarudia ombi langu. Kwa maneno yaleyale, kwa sauti ya upole ileile, nikijua vizuri sasa lina uzito gani. Kijana akatazama chini akasema, "Nimesikia. Nitakuja."

Kaari alinisindikiza mpaka barabarani. Nilidhani ananipa heshima. Akasema, "Ulikuja mwalimu, unarudi mwindaji. Wamisheni walikufundisha kumwomba Mungu. Kuomba namna hii ulifundishwa na nani?"

Njia nzima niliimba, naungama, Barre akaniuliza kama nimeonja mzigo wake. Lakini tangu nifike nyumbani maneno ya mama yule hayaniachi, kwa sababu miaka hii yote mimi ndiye niliyesimama kanisani kufundisha kwamba neno alilotoa mtu kwa hofu halimfungi. Nikimleta Kiambi Embu, nafasi inaokoka, shamba linaokoka, na kwa kweli yule kijana ni hodari kuliko nilivyopata kuwa. Nikimwachia, nitakwenda mbele ya chama na kiti kitupu, baada ya kuwaahidi mtu. Tafadhali niambie lipi nifanye, na unisamehe kwa urefu wa barua hii, ambayo nimeipunguza mara mbili.

Ni mimi mtumishi wako mnyenyekevu,
Mwalimu Naftaly, Runyenjes

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu Naftaly, kwanza kabisa mimi si Bwana. Ni mwanamke, mama wa watoto na mke wa mtu, na nililelewa na jembe la mama yangu. Nakusamehe, kwa kuwa umeomba radhi mara nyingi mpaka zimebaki akiba, lakini kumbuka kosa hilo, maana tutalirudia.

Nimeifurahia barua yako. Nimeisoma kwa sauti hapa ofisini, na wapiga chapa waliacha herufi zao wakasikiliza habari ya mtoto aliyenusa udongo akasema una njaa. Mzee anayelia kwa ajili ya udongo hajazeeka. Furaha yako ni ya haki na usiionee haya.

Sasa la pili. Ulifanya vibaya, na unajua, na ndiyo sababu umeandika. Kijana alikujibu akiwa huru, ukaliona jibu lake kuwa la haki. Kisha ukapata fimbo, ukamuuliza tena. Unalalamika kwamba shuleni watoto hupewa jembe kama adhabu hata wakalichukia. Je, wewe umempa Kiambi jembe kwa namna gani? Atafika Runyenjes akiwa ametumwa na laana, na vifaranga unaowasifu hawatamfuata, kwa sababu watoto hunusa hofu upesi kuliko udongo. Siku moja mbele ya chama atakuokoa. Miaka inayofuata atakuangamizia kile unachotaka kukiokoa.

Kuhusu gichiaro sikutaka kusema nisiyoyajua, kwa hiyo nimemuuliza mzee mmoja wa Tigania, huko kwenu Meru, anayepanga herufi hapa. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema, "Mwambie mwalimu huyo gichiaro si kamba ya mbuzi. Ina ncha mbili. Yule kijana naye anaweza kumwomba, na mzee hawezi kukataa." Hilo umelisahau, Mwalimu, au uliona vizuri usilikumbuke.

Basi fanya hivi. Omba pasi nyingine, panda lori la Barre, mwache aendeshe apendavyo. Keti pale ulipokula nduma, na mbele ya Nyanya Kaari, mfungue kijana kwa mdomo uleule uliomfunga. Usimwandikie, kinywa kilifunga, kinywa kifungue. Ukimaliza, usianze tena kumbembeleza, hata kwa upole, maana upole wako una meno. Mwambie, "Sasa ni zamu yako kuniomba. Mwalimu wa kilimo angehitaji nini ili kijana kama wewe asione haya kumwambia mama yake?" Kisha funga mdomo usikilize. Nadhani atasema jembe liondolewe katika adhabu za shule zote. Huenda atasema kilimo kiwe na mtihani kama hesabu, na mwalimu wake apandishwe cheo kama wenzake, na apelekwe kusoma zaidi. Lolote atakalosema, umefungwa nalo. Hilo ndilo utakalolipeleka Embu. Akienda zake kwenye ukarani, mbariki. Karani aliyefundisha kilimo vizuri atakuwa rafiki wa kilimo barazani, na mtahitaji rafiki huko.

Bwana Nthiga ni mtu wa maana, lakini amekosea, umwambie hivyo kwa kuwa mmesoma pamoja. Kiti kitupu ndicho kinachopiganiwa. Kilichojaa hakihitaji chama. Watu watakikimbia kiti hicho mpaka chama kikiheshimu kwanza, wala si chama kingoje mtu akikalie ndipo kikiheshimu. Mtake aunde kamati ya walimu wa kilimo siku hiyohiyo, kabla watu hawajaenda kunywa chai, kwa sababu baada ya chai walimu hukumbuka mabasi.

Sasa turudi kwenye kosa lile la "Bwana". Katika barua yako yote ndefu, umeomba pasi, umepanda lori la miraa, umezunguka mlima mpaka Maua kumtafuta mtu anayependa miche na anayefuatwa na watoto shambani pasipo kiboko. Na kitalu umemwachia nani? Mwalimu Alice, "kama afanyavyo kila ninapougua". Yeye na wasichana wake, bila mche kukauka. Ukamshukuru kwa mstari mmoja, ukampita kama mtu apitaye kisima akiuliza njia ya mtoni. Mwalimu, akina mama wa Embu ndio wanaolima Embu. Unamwonea nani haya, mkaguzi? Mkaguzi alisema atafutwe mwalimu. Hukuniandikia kwamba alisema mwanamume.

Huenda Alice atakataa. Huenda amechoka na jembe la filimbi kama mama wengine wote, nawe utaheshimu jibu hilo mara ya kwanza litakapotolewa, hata ikitokea kwamba yeye ni gichiaro wako. Lakini nenda leo, kabla hujaandika barua nyingine kwa mtu yeyote, umkute kitaluni anamwagilia, umsalimie, umuulize kama anaitaka kazi hii. Si kukushikia kitalu. Kuishika kazi yenyewe.

Ombi langu la mwisho ni dogo. Siku ya mkutano, kiwe kimekaliwa au kitupu, simama kando ya kiti kile, useme mbele ya chama yale uliyoniambia mimi: miche iliyonyooka, udongo wenye njaa, na ndama aliyefunguliwa kamba. Huyo ndama umtaje hasa. Katika ukumbi ule watakuwamo walimu wengi ambao hakuna mtu aliyepata kuwauliza kama wanakitaka kiti hicho.

Ni mimi Mshauri wenu.